Ozoni iliyo puani mwetu

Kila ifikapo tarehe 16 Septemba, ulimwengu huadhimisha Siku ya Ozoni. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ndiyo siku ambayo, katika mwaka wa 1987, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal ili kukomesha gesi zilizokuwa zikiila ngao iliyo juu ya dunia. Sisi Wakenya tuna sababu ya ziada ya kuienzi siku hiyo, kwa kuwa sekretarieti inayousimamia mkataba huo ina makao yake papa hapa Nairobi, katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Mwalimu anapowaeleza wanafunzi wake kwamba kilomita kati ya 15 na 35 juu ya vichwa vyao pana tabaka la ozoni linalochuja miale mikali ya jua, huwa anafundisha jambo la kweli na lenye manufaa.

Hata hivyo, funzo hilo ni nusu tu ya habari. Ipo ozoni nyingine, iliyo chini, katika hewa tunayoivuta sokoni, shambani na katika uwanja wa michezo. Ni gesi ile ile, yenye atomu tatu za oksijeni, lakini mahali ilipo hubadilisha tabia yake mbele ya viumbe. Mabati yakiwa juu ya paa hukinga mvua; yakimwangukia mtu humkata. Mwanafunzi anayemaliza shule akiijua ozoni ya juu pekee amefundishwa sifa za mabati bila kuonywa juu ya makali yake.

Safu hii ina maoni kwamba shule za Isiolo zina wajibu, na tena zina nafasi nzuri kuliko shule nyingi za nchi hii, ya kuifundisha nusu hiyo iliyosahauliwa. Sababu ni moja. Ozoni ya chini ni mtoto wa hali ya hewa, na hali ya hewa ya Isiolo, kwa jua lake na joto lake, imekwisha kujiandaa kuilea. Kilichopungua ni moshi wa kutosha, na moshi huo sasa umo njiani.

Madhara ya gesi hii yanafahamika vyema. Huwasha koo na kifua, huvimbisha njia za pumzi, na humzidishia taabu mgonjwa wa pumu. Watoto huathirika zaidi kwa kuwa mapafu yao yangali yakikua, na kwa kuwa wao ndio wanaokimbia na kucheza nje wakati jua limewaka. Mimea nayo haisalimiki. Ozoni huingia kupitia vitundu vidogo vya majani, ikaliunguza jani kwa ndani, na mavuno yakapungua hata kama mvua ilinyesha. Maharagwe ni miongoni mwa mazao yanayodhurika upesi. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba wastani wa ozoni kwa muda wa saa 8 usizidi mikrogramu 100 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa.

Je, gesi hii hutoka wapi? Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Moshi wa gari au wa dohani hauibebi ozoni hii ikiwa tayari. Ozoni ya chini hupikwa hewani. Viungo vyake ni viwili, na moto wake ni jua. Kiungo cha kwanza ni oksidi za naitrojeni, zinazotoka katika injini za magari na jenereta, na katika moto wa kuni, nyasi na taka. Kiungo cha pili ni mvuke wa petroli, wa rangi na wa vitu vinavyoungua, pamoja na gesi za kaboni monoksaidi na methani.

Miale ya urujuanimno inapoipiga molekuli ya naitrojeni dayoksaidi, huivunja na kuachilia atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo isiyo na mwenzi huidaka molekuli ya oksijeni ya kawaida, yenye atomu mbili, na hapo atomu tatu zikawa ozoni. Lau mambo yangeishia hapo, naitriki oksaidi iliyobaki ingeirudia ozoni na kuivunja, na hesabu ingekuwa sawasawa. Lakini mvuke wa petroli na wenzake huingilia kati. Kwa msaada wa jua, huibadilisha naitriki oksaidi kuwa dayoksaidi tena bila kuigusa ozoni. Hivyo chungu huendelea kuchemka, na ozoni ikalimbikizana kadiri jua linavyozidi kupanda.

Maelezo hayo yalipatikana kwa jasho. Katika miaka ya 1940, wakazi wa Los Angeles, nchini Marekani, walianza kuona ukungu wa kahawia uliowawasha macho na kuharibu majani ya mboga. Wengi walidhani ni moshi wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alionyesha kwamba moshi wa magari na mvuke wa mafuta, ukipigwa na jua, huzaa ozoni. Katika kipindi hicho hicho, mwezi wa Desemba 1952, London nayo ilizamishwa na moshi wa makaa ya mawe uliowaua maelfu ya watu. Lakini huko palikuwa na baridi, ukungu na hewa iliyotulia, na sumu kubwa ilikuwa ya salfa na masizi. Miji miwili, moshi miwili, na hali mbili za hewa zilizozaa sumu mbili tofauti. Anayetaka kujua mji wake utapata madhara gani hana budi kuuliza kwanza moshi wake hukutana na hewa ya namna gani.

Basi na tuiulize Isiolo.

La kwanza ni jua. Mji wa Isiolo uko karibu mno na Ikweta, upande wa kaskazini. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini, na hata miezi mingine haliendi mbali. Isitoshe, ile ngao ya ozoni ya juu kwa kawaida huwa nyembamba zaidi katika nchi za Ikweta kuliko katika nchi za baridi, hivyo miale mingi zaidi ya urujuanimno hutufikia. Miale hiyo ndiyo moto wa kupikia ozoni ya chini. Katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari, anga huwa jeupe bila wingu la kuupunguza moto huo. Mawingu mazito ya Aprili na Novemba ndiyo huufunika kwa muda.

La pili ni joto. Watu wengi huchanganya joto na jua, lakini katika habari hii kila moja lina kazi yake. Jua huvunja molekuli. Joto huharakisha mapishi. Siku ya joto kali mvuke mwingi zaidi hutoka katika matangi ya mafuta, na baadhi ya miti nayo hutoa mvuke wake wa asili kwa wingi. Aidha, kuna kampaundi ambazo hewa ikiwa baridi huzihifadhi oksidi za naitrojeni kana kwamba zimewekwa ghalani; hewa ikipata joto, ghala hufunguka. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya joto kali lililoikumba Ulaya mwezi wa Agosti 2003 liandamane na viwango vikubwa vya ozoni. Mkaazi wa Isiolo hahitaji kufafanuliwa joto ni nini. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba joto lile lile linalokausha visima linaweza pia kuibadilisha hewa.

La tatu ni upepo, na hapa Isiolo imebahatika. Upepo wenye vumbi unaowakera wenye maduka na mama wauza mboga ndio pia mlinzi wao, kwa kuwa hutawanya moshi kabla haujakolea. Hewa inapotulia kwa siku mbili tatu chini ya jua kali, ndipo ozoni hupanda. Lakini upepo una ujanja wake. Karibu kabisa na lori linalonguruma, ozoni huenda ikawa kidogo, kwa kuwa naitriki oksaidi mbichi itokayo katika bomba huila papo hapo. Moshi huo ukisafiri na upepo kwa saa kadhaa, ukichanganyika na mvuke na kupigwa na jua, ndipo ozoni huongezeka. Kwa hiyo anayefanya moshi na anayevuta ozoni huenda wasiwe jirani wa ukuta mmoja. Kijiji kilichoko upande ambao upepo unaelekea kinaweza kulipa deni la mji ambao hakikunufaika nao.

La nne ni mvua na unyevunyevu. Ni kweli kwamba mvua huisafisha hewa, lakini ni vyema tueleze inasafisha nini. Ozoni haiyeyuki sana katika maji, hivyo matone hayaioshi kwa wingi. Kinachooshwa ni masizi, vumbi na asidi zinazotokana na oksidi za naitrojeni, yaani malighafi yake. Na mawingu huzuia jua. Unyevunyevu nao una sura mbili. Katika hewa safi, mvuke wa maji husaidia kuiangamiza ozoni. Katika hewa iliyojaa moshi, mvuke ule ule huzaa chembe kali zinazoyaharakisha mapishi. Maji ni yale yale. Kinachobadilika ni uchafu yanaoukuta.

Kuna jambo jingine linalozihusu nchi kavu kama Isiolo hasa. Mvua ya kwanza inapoiangukia ardhi iliyokauka kwa miezi mingi, bakteria waliolala udongoni huamka kwa kishindo, na kwa muda mfupi udongo hutoa naitriki oksaidi kwa wingi. Wanasayansi wamelithibitisha jambo hilo katika mbuga na nyika za Afrika, pamoja na eneo la Sahel. Radi nayo, kwa joto lake kali, huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani. Ndiyo kusema kwamba maumbile yenyewe hutoa viungo kidogo hata pasipo gari. Jina la ozoni lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunuka, na ile harufu kali ambayo pengine husikika radi inapopiga ni yake. Harufu tamu ya udongo uliolowa, ambayo wafugaji huipokea kwa shangwe, ni ya vitu vingine.

La tano ni zamu ya usiku na mchana. Usiku unapoingia, mapishi hukoma kwa kukosa jua. Ardhi hupoa, hewa baridi hutanda chini kama blanketi, na moshi wa jikoni na wa taka hukwama chini yake. Ozoni iliyobaki karibu na ardhi hupungua, kwa kuwa huliwa na naitriki oksaidi na pia hupotea inapogusa udongo na majani. Asubuhi jua likichomoza, blanketi hilo hupasuka, hewa ya juu ikachanganyika na ya chini, na mapishi yakaanza upya. Kwa kawaida kilele hufikiwa kati ya saa saba mchana na saa kumi alasiri. Wanafunzi na walimu wasiipite saa hiyo bila kuitafakari, maana alasiri ndiyo saa ya michezo.

Hayo ndiyo maumbile ya Isiolo, nayo hayana hatia. Hakuna awezaye kulishtaki jua. Moto wa jikoni peke yake haupiki chakula. Sharti pawe na kitu chunguni. Kwa miaka mingi chungu cha Isiolo kilikuwa karibu kitupu. Mji ulikuwa mwisho wa lami, na aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale alijifunga mkanda na kumwomba Mungu. Hali hiyo imepita. Barabara ya lami sasa inafika Moyale, kwenye mpaka wa Ethiopia, safari ya kilomita takriban 500. Uwanja wa ndege umejengwa. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, umeifanya Isiolo kuwa njia panda, mahali ambapo ushoroba utokao Lamu unagawanyika, tawi moja likielekea Ethiopia na jingine Sudan Kusini. Baada ya kuundwa kwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, Isiolo ikawa makao makuu ya kaunti, na mji ukapanuka.

Hatuyataji hayo kwa masikitiko. Barabara imeleta dawa, vitabu, bei nzuri za ng'ombe na ngamia, na urahisi wa kumfikisha mgonjwa hospitalini. Asiyeitaka barabara amesahau tope la zamani. Hoja yetu ni kwamba maendeleo haya yana moshi wake, na kwamba moshi unaofika mahali penye jua kali na joto jingi hauwi kama moshi unaofika mahali penye mawingu. Malori yanayopumzika na injini zikinguruma, bodaboda zisizokaguliwa, jenereta za maduka, taka za plastiki zinazochomwa kandokando ya makazi, na tanuri za makaa vichakani, vyote ni viungo vinavyoingia katika chungu kimoja.

Tuseme pia kwamba si moshi wote unaotufikia ni wetu. Kati ya Juni na Oktoba, nyasi na vichaka huchomwa katika maeneo makubwa ya kusini mwa Afrika. Kati ya Desemba na Februari ni zamu ya mbuga zilizo kaskazini mwa Ikweta. Uchunguzi wa kimataifa uliofanywa mwaka wa 1992 ulionyesha kwamba moshi wa mioto ya Afrika na Amerika ya Kusini huzaa ozoni nyingi inayotanda hata juu ya bahari ya Atlantiki. Pepo zikielekea upande wetu, nasi tunaweza kuletewa ambacho hatukukipika. Lakini neno hilo lisiwe kisingizio. Moshi wa jirani ni sababu ya kuupunguza wa nyumbani, maana mwili hauna njia ya kuitenganisha ozoni ya kwetu na ya wengine.

Tunatambua kwamba wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa kuzungumza habari za gesi isiyoonekana. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutimiza ahadi yake kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa wingi, watoto waliacha shule, na familia zilizokuwa na uwezo zikawa ombaomba. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024 yakaja mafuriko. Mtu aliyepoteza kundi lake lote ana haki ya kusema kwamba ozoni na isubiri.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lisilo la dharau. Jibu letu ni kwamba hatuombi fedha za maji zigeuzwe kuwa fedha za ozoni. Tunaomba macho yale yale yanayoangalia mvua yaangalie na hewa. Mwanafunzi anayepima joto, upepo, mvua na mawingu kila siku kwa ajili ya kuuelewa ukame ndiye huyo huyo anayeweza kuielewa ozoni, kwa kuwa vyote viwili vinatawaliwa na vipimo hivyo hivyo. Zaidi ya hayo, ukame wenyewe ni rafiki wa ozoni. Huondoa mawingu, huzidisha joto na huikausha nyasi ikawa tayari kuungua. Mimea iliyokauka nayo hufunga vitundu vya majani yake, ikaacha kuivuta ozoni kutoka hewani, hivyo gesi hiyo hubaki kwa muda mrefu zaidi. Anayedhani kwamba hizi ni habari mbili tofauti amezitazama kwa jicho moja.

Kenya si mgeni katika elimu hii. Tangu mwaka wa 1996, Idara ya Hali ya Hewa, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi, imekuwa ikirusha maputo kutoka Dagoretti, Nairobi, kwa kawaida mara moja kwa wiki, yakibeba vyombo vya kupima ozoni tangu ardhini hadi juu kabisa penye ngao. Mwaka wa 1999 kituo kilianzishwa kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kikiwa sehemu ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kuichunguza angahewa ya ulimwengu mzima. Ni vituo vichache sana vya namna hiyo vilivyoko katika nchi za Ikweta.

Kituo hicho cha mlimani chenyewe ni somo. Mchana ardhi hupata joto na hewa ikapanda miteremko, ikibeba harufu za misitu na mashamba ya chini. Usiku hewa hupoa na kushuka kutoka juu. Kwa sababu hiyo wanasayansi wanaotaka kuijua hewa ya anga huru, isiyochafuliwa na jirani, hutegemea zaidi vipimo vya usiku. Watoto wa Isiolo huuona mlima huo kila asubuhi isiyo na mawingu. Ni jambo la ajabu kwamba mtoto anaweza kuukulia mlima huo machoni pake bila kuambiwa kwamba juu yake pana chombo kinachoinusa hewa ya dunia.

Lakini chombo cha mlimani kiliwekwa kwa ajili ya ulimwengu, na puto la Nairobi hupanda mbali na hapa. Hakuna hata kimoja kati yavyo kinachoweza kumwambia mzazi wa Bulla Pesa au Wabera mwanawe anavuta nini saa tisa alasiri katika siku ya Februari isiyo na upepo. Utabiri tunaousikia redioni hutupa mvua, joto na upepo, jambo ambalo tunalishukuru. Wakati umefika wa kuiongeza hewa yenyewe katika orodha hiyo.

Shule zinaweza kuanza bila kungoja. Nyingi zina, au ziliwahi kuwa na, kile kisanduku cheupe chenye matundu ambamo vipimajoto huwekwa. Kifufuliwe. Wanafunzi waandike kila siku, kwa saa zile zile, joto, upepo unakotoka, wingi wa mawingu, mvua na unyevunyevu. Kando ya safu hizo waongeze safu moja ya moshi: kama taka zilichomwa, kama vumbi lilitanda, kama mlima ulionekana wazi au uliviringwa na ukungu mkavu. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa hazina ambayo hakuna kitabu cha dukani kinachoweza kuwapa.

Walimu wa kemia nao wana nafasi yao. Christian Schönbein, mkemia aliyeitambua ozoni mwaka wa 1840, alibuni karatasi ya kuipima ambayo hata leo maabara ya kawaida ya shule inaweza kuitengeneza. Karatasi ya kuchujia hupakwa uji mwepesi wa wanga uliochanganywa na potasiamu iodaidi kidogo, ikakaushwa gizani, kisha ikaloweshwa kwa maji na kutundikwa nje kivulini kwa saa 8. Ozoni huifungua iodini, na iodini ikigusa wanga hugeuka zambarau au buluu. Rangi ikikolea zaidi, hiyo ni dalili ya ozoni zaidi.

Mwalimu mwangalifu atawaonya wanafunzi kwamba karatasi hiyo ina udhaifu: gesi nyingine huigeuza rangi, na hewa yenye unyevunyevu huikoleza kuliko hewa kavu. Haiwezi kuchukua nafasi ya chombo cha kisasa. Lakini udhaifu huo ndio utakaomlazimu mwanafunzi asome karatasi yake pamoja na daftari lake la hali ya hewa, na hapo ndipo elimu hii inapoanza. Wa kilimo nao wapande maharagwe machache karibu na stendi na mengine mbali nayo, wachunguze kama majani yanaota madoa madogo ya kahawia kwa juu, na wajifunze kuyatofautisha na madoa ya magonjwa.

Wazee wasiachwe nje. Waborana wa Isiolo huugawa mwaka kwa misimu yao: Ganna ya mvua ndefu, Adolessa ya baridi na ukavu, Hagaya ya mvua fupi, na Bona ya kiangazi. Dedha, baraza la wazee wanaosimamia malisho, limejifunza kwa vizazi vingi kuisoma anga kabla ya kuhamisha mifugo. Mwanafunzi akizipanga rekodi zake kwa misimu hiyo, atagundua kwamba sayansi anayofundishwa darasani inaukuta ujuzi wa nyumbani ukiwa umekwisha kutandika mkeka.

Serikali ya kaunti na ile ya kitaifa nazo zina la kutenda. Mwaka wa 2014 Kenya ilitoa kanuni za ubora wa hewa. Kanuni bila kipimo ni kama mizani isiyo na mawe. Tunapendekeza chombo cha kupima ozoni na oksidi za naitrojeni kiwekwe mjini Isiolo sasa, wakati hewa ingali na nafuu, ili siku zijazo tuwe na mwanzo wa kulinganishia. Miji mingi duniani ilianza kupima baada ya macho kuwasha. Maegesho ya malori yapangwe nje ya makazi, tena si upande ambao upepo huvuma kuja mjini. Magari na pikipiki zikaguliwe. Mwezi wa Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, na mafuta safi ndiyo yanayowezesha vichujio vya kisasa vya moshi kufanya kazi. Lakini lori lililochakaa halisafishiki kwa mafuta peke yake.

Kuhusu taka, wapo wanaoshauriana kuhusu saa nzuri ya kuzichoma. Hali ya hewa imekwisha kulijibu swali hilo. Ukizichoma usiku, moshi utakwama chini ya lile blanketi la baridi na kuingia vyumbani mwa waliolala. Ukizichoma mchana, utalipatia jua kiungo cha kupikia ozoni ya alasiri. Saa nzuri haipo. Kilichopo ni kuzikusanya na kuzizika mahali palipotengwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Isiolo ungali mwembamba. Jua litaendelea kuwaka, joto litazidi, na siku moja upepo utatulia wakati barabara imejaa. Hatuwezi kuliamuru jua wala upepo, lakini chungu kimo mikononi mwetu, na tunaweza kuamua kitiwe nini. Walimu wasingoje mtaala uandikwe upya. Muhula ujao mwanafunzi mmoja atoke nje na kipimajoto, mwingine na karatasi ya Schönbein, na wa tatu na daftari, waandike walichokiona siku hiyo.